WAGENI WASIOBISHA HODI

Kila nyumba ina wageni wasiobisha hodi. Hawaketi juu ya viti vyetu, hawanawi mikono kungoja ugali, wala hawaagi wanapoondoka. Asubuhi na mapema, kabla mama hajawasha moto, wamekwisha fika. Mmoja yuko juu ya mpapai, mwingine juu ya mawe nyuma ya nyumba, mwingine chini ya majani ya maboga. Na usiku, sisi tukiisha kulala, wanaingia wale wa zamu ya pili. Hao ndio ndege, mijusi, vinyonga, popo, pimbi na wengineo wa porini ambao hutembelea bustani zetu hapa Nyegina na katika vijiji vyote vya kando ya ziwa.

Je, twawapokeaje? Mara nyingi kwa jiwe. Mtoto akimwona ndege huchukua manati. Kijana akimwona kinyonga hutafuta fimbo. Mzee akimsikia bundi analia juu ya paa huagiza apigwe, maana ati ameleta habari ya kifo. Twapiga kwanza, kisha ndipo twauliza: Alikuwa nani huyu? Alikuja kufanya nini? Lakini aliyekwisha kufa hawezi kujibu.

Leo nawaomba mgeuze utaratibu huo. Tazameni kwanza, mjue, halafu muamue. Tena siku hizi tumepata msaada ambao babu zetu hawakuwa nao. Katika nyumba nyingi yuko mtu mmoja walau mwenye simu ya kupiga picha. Simu hiyo hutumika kupiga picha za arusi na za Komunyo ya Kwanza, nayo ni kazi njema. Basi, hiyo hiyo yaweza pia kuwa shahidi wa bustani yenu.

Siwaambii ya kwamba kila mgeni ni mwema. Wako wezi, na wako wa hatari kabisa, nao nitawataja. Nasema hivi tu: yatupasa kumtenga mwizi na mfanyakazi, nasi hatuwezi kuwatenga bila kuwatazama.

MFANYAKAZI ANAYESHITAKIWA

Natuanze na bundi, maana ndiye anayesingiziwa kupita wote.

Yuko bundi mmoja mwenye uso mweupe, umbo lake kama moyo, apendaye kukaa katika dari za nyumba, maghala na majengo makubwa. Sauti yake si nzuri. Hupiga kelele kama mtu aliyetishwa, na ye yote aamkaye usiku wa manane akaisikia, hushtuka. Lakini mbona huyu bundi amekuja kwako? Amekuja kwa sababu ya panya wako.

Mabawa ya bundi yana manyoya laini, hata akiruka hayatoi sauti. Masikio yake ni makali mno. Aweza kumkamata panya gizani kabisa kwa kumsikia tu, asimwone. Panya wawili, watatu, hata wanne aweza kuwamaliza kwa usiku mmoja, na akiwa na makinda hukamata zaidi. Wakati huo huo, panya shamba wetu wa Tanzania, yule ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, jike lake laweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa uzazi mmoja. Fikiri basi. Ukimwua bundi, nani atakayezuia uzazi huo usiingie katika mahindi yako?

Msadiki au msisadiki, ushahidi upo chini. Bundi humeza panya mzima mzima. Nyama humeng'enywa tumboni, lakini mifupa na manyoya hutapikwa kama kidonge cheusi, kikubwa kama kidole gumba au kupita. Nenda mchana mahali anapolala, utaviona vidonge hivyo vimeanguka. Viloweke katika maji, uvipasue kwa vijiti viwili, nawe utapata mafuvu madogo yenye meno ya mbele marefu. Yapange juu ya karatasi na kuyahesabu, kisha piga picha. Hayo ndiyo mashtaka ya bundi: hakuua mtu, ameua panya. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Neno moja zaidi juu ya panya. Ukiweka sumu, panya aliyekula sumu huenda akaliwa na bundi au na paka wako, naye mlaji akafa pia. Mtego ni bora kuliko sumu, mahali mtego unapotosha.

WAGENI WA MCHANA

Sasa tutoke nje, jua limekwisha panda.

Juu ya mawe utamwona mjusi mkubwa, kichwa na mabega yake ni mekundu kama waridi, na mwili na mkia ni wa rangi ya samawati. Wageni kutoka Ulaya hutoka mbali kuja kumpiga picha, nasi twampita kila siku. Huyu ni mjusi wa mawe yetu ya kandokando ya ziwa. Bwana Arthur Loveridge, Mwingereza aliyechunguza wanyama wa Tanganyika, alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1923, akampa jina la Mwanza. Mwenye rangi hizo ni dume. Jike ni wa rangi ya udongo. Tena dume akiogopa, au jua likizama, rangi zake hufifia. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kubishana, mmoja aseme alimwona mwekundu, mwingine aseme alikuwa wa kijivu, na kumbe wote wawili wamemwona yule yule. Piga picha saa mbili asubuhi, piga tena jioni, na ugomvi umekwisha. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Hana sumu, wala hana deni na mtu.

Na kinyonga je? Wengi humwogopa kuliko nyoka. Mtazameni kwa utaratibu. Kila jicho hugeuka peke yake, moja mbele na moja nyuma. Ulimi wake ukitoka wote ni mrefu kuliko mwili wake, nao hunasa nzi au panzi kufumba na kufumbua. Hana sumu hata kidogo. Kinyonga katika kitalu chako cha mboga ni kibarua asiyedai mshahara.

Juu ya maua ya mgomba au ya mshubiri huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Yuko mmoja, dume wake ni mweusi mwenye kifua chekundu kama damu. Hunyonya asali ya maua na kukamata buibui, na akitoka ua hili kwenda ua lile huchukua unga wa maua kichwani. Kwa njia hiyo mimea mingi hupata mbegu.

Mnana, yule ndege wa manjano mwenye uso mweusi, hufuma viota vyake katika mti ulio karibu na nyumba, vikaning'inia kama vibuyu. Dume ndiye afumaye. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, anapiga mabawa na kuimba ili jike aje kukikagua. Jike akikikataa, na kiota kikaanza kukauka, dume hukibomoa na kufuma kingine mahali pale. Vijana mnaotafuta wachumba, mtazameni huyo! Ni kweli kwamba mnana hula nafaka, hilo silifichi. Lakini makinda yake huyalisha wadudu, nao wadudu hao hutoka katika shamba lako. Basi linda mtama wako ukiwa unaiva, lakini usikate mti wa viota mwaka mzima kwa ajili ya majuma machache.

Tena kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba wafika mbayuwayu kutoka Ulaya. Wamevuka bahari na jangwa la Sahara kuja kwetu, na mnamo Machi na Aprili hurudi kwao kuzaa. Mtawaona juu ya ziwa na juu ya malisho, wanakula wadudu wakiwa wanaruka. Ni vizuri mtoto ajue ya kwamba ndege anayemwelekezea manati amesafiri maelfu ya kilomita, akafika salama mpaka uwanjani kwake.

NANI AMEKULA VIFARANGA?

Lakini mama mmoja atasema, "Wewe wasifu ndege, na mimi vifaranga vyangu vimebaki vitatu." Mama, una haki ya kulalamika. Ndiyo sababu nasema tumtafute mwizi mwenyewe, tusimpige kila apitaye.

Kila mwizi ana saa yake na namna yake. Mwewe na kunguru huja mchana. Mwewe hushuka ghafula, akanyakua na kuondoka. Hubaki kelele za kuku tu. Nguchiro naye hutembea mchana, mara nyingi kundi zima, na hupenda mayai. Kenge, mkaaji wa karibu na maji, hupenda mayai vile vile. Usiku ni zamu ya kanu na kicheche. Hao huingia kwa tundu la banda, na asubuhi utakuta manyoya yametapakaa na pengine kuku ameuawa bila kuliwa wote.

Basi, fanyeni hivi. Siku ya hasara, kabla ya kufagia, pigeni picha ya mahali penyewe: manyoya, maganda ya mayai, tundu, na nyayo kama zipo. Wekeni kibiriti kando ya unyayo, ili anayeitazama picha ajue ukubwa wake. Mwage majivu laini au mchanga mbele ya mlango wa banda jioni, na asubuhi msome nani amepita. Baada ya siku chache mtamjua.

Mkiisha kumjua, dawa yake ni rahisi kuliko vita. Kama ni mwewe, vifaranga vifunikwe kwa tenga au vikae chini ya kivuli cha miti mifupi mpaka vikue. Kama ni kanu au kicheche, ziba matundu ya banda, funga mlango kabla giza halijaingia. Kama ni nguchiro au kenge, okota mayai mapema na ufyeke kichaka kilichoshikamana na banda. Mtu aliyeziba tundu hulala usingizi. Lakini aliyemwua bundi kwa ajili ya kuku aliyeliwa na kicheche, atapoteza kuku wengine, na panya atawapata bure.

Kumbukeni pia ya kwamba wanyama wa porini si mali ya kila mwenye mkuki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda au kukamata bila kibali. Kupiga picha hakudai kibali nyumbani kwako.

NAMNA YA KUTAZAMA

Kutazama ni kazi, nayo ina taratibu zake kama kazi nyingine.

Kwanza, chagua saa. Wageni wengi wa mchana huja kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Adhuhuri hujificha kwenye vivuli, kama sisi.

Pili, chagua mahali pamoja, ukae hapo hapo kila siku. Dirisha la jikoni latosha, au kigoda chini ya mwembe. Usivae nguo ya kung'aa. Usimwonyeshe mnyama kwa kidole kwa ghafula. Siku ya kwanza watakimbia, siku ya pili watasita, na baada ya juma moja watakuhesabu kuwa kisiki.

Tatu, weka maji. Wakati wa kiangazi kigae cha chungu kilichovunjika chatosha, chenye maji ya kina cha vidole viwili. Kiweke wazi, hatua chache kutoka kwenye kichaka, ili paka asijifiche karibu. Lakini maji hayo yabadilishwe kila siku na kigae kisuguliwe, ama sivyo utakuwa unafuga mbu.

Nne, acha kipande cha bustani kisifyekwe sana. Ua la miti, maua machache ya mshubiri, mti mmoja mkubwa, hayo ndiyo mwaliko. Na kama ni lazima kunyunyiza dawa ya wadudu, nyunyiza mahali penye ugonjwa tu, tena kwa kipimo kilichoandikwa. Ndege akila viwavi vyenye sumu, naye hudhurika.

Tano, usiwape chakula tumbili. Tumbili aliyepokea ndizi moja mkononi mwako, kesho ataingia jikoni kudai ya pili, na kesho kutwa atamng'ata mtoto.

PICHA NA DAFTARI

Simu haihitaji kuwa ya bei kubwa. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole huleta ukungu katika picha. Simama jua likiwa mgongoni kwako. Shika simu kwa mikono miwili, na mikono yako uiegemeze ukutani au kwenye mti ili isitetemeke. Ukivuta picha sana kwa vidole, yaharibika. Afadhali usogee hatua moja, utulie, usogee nyingine. Piga nyingi, kisha uchague moja njema na kuzifuta zilizobaki.

Usitumie taa ya simu usoni mwa ndege wa usiku. Usipande hata kwenye kiota, wala usishike makinda, wala usikate matawi ili picha ionekane vizuri. Ukifunua kiota, umemwonyesha kunguru njia. Picha inayomgharimu kinda maisha yake haina faida.

Sasa nasema kama karani. Katika ofisi ya parokia twajua ya kwamba cheti cha ubatizo kisicho na jina, tarehe wala mahali ni karatasi tu. Picha nayo ni vivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka kama ilipigwa kwako au kwa shemeji yako. Kwa hiyo nunua daftari moja la shule, upige mistari mitano: tarehe, saa, mahali, mgeni, na alichokuwa akifanya. Huo mstari wa tano ndio wenye thamani kuliko yote. "Ndege juu ya mpapai" ni habari ndogo. "Ndege juu ya mpapai, alitoa viwavi saba katika majani, papai hakuligusa," hiyo ni habari yenye kumfaa mkulima.

Na nyumba isiyo na simu isivunjike moyo. Daftari na penseli vyatosha kabisa. Mtoto achore. Jina la Kiswahili kama halijulikani, andika jina la Kikwaya, Kijita au Kizanaki ambalo bibi analijua. Bibi huyo ni kitabu. Mwulizeni kabla hakijafungwa.

MACHO MENGI HUONA VEMA

Pengine mtasema: Hiyo ni kazi ya Wazungu na wataalamu, sisi ni wakulima. Basi, sikilizeni habari mbili za nchi yetu wenyewe.

Ya kwanza ni ya zamani. Katika miaka ya 1903 na 1904, wakati wa utawala wa Wadachi, Mjerumani mmoja, Bwana Carl Georg Schillings, alikuja katika nchi za Kilimanjaro kupiga picha za wanyama usiku. Siku zile hapakuwa na simu wala taa ya umeme ya mkononi yenye nguvu ya kutosha. Picha zilishikwa juu ya vioo vizito, na mwanga ulipatikana kwa kuwasha unga maalumu uliolipuka kama radi. Wapagazi Waafrika walibeba mizigo hiyo nyikani. Alitega kamera pamoja na kamba, na mnyama akiigusa kamba, unga uliwaka na picha ikapatikana. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1905, watu wa Ulaya walistaajabu, kwa maana wengi hawakuwa wamewahi kuona picha ya simba usiku akiwa katika shughuli zake. Kazi iliyohitaji msafara mzima wa wapagazi, leo mwaweza kuianza kwa kitu kinachokaa mfukoni.

Habari ya pili ni ya karibu zaidi, tena ni ya jirani zetu wa Serengeti. Kuanzia mwaka 2010, bibi mmoja mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Alexandra Swanson, alifunga kamera 225 katika miti na nguzo ndani ya hifadhi, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo zilijipiga zenyewe kila mnyama alipopita. Zikaja picha nyingi mno, mafungu milioni moja na laki mbili, hata wataalamu wasiweze kuzitazama zote. Wafanye nini? Wakazitia katika intaneti, wakawaomba watu wa kawaida wazitazame na kusema wanaona mnyama gani. Watu zaidi ya 28,000 wakajitolea. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu wa kila namna, wengi wao hawajakanyaga Afrika.

Je, walikosea? Mmoja mmoja alikosea, ndiyo. Lakini kila picha ilitazamwa na watu kadhaa, na majibu yao yakalinganishwa. Yalipopimwa na majibu ya wataalamu, yalipatana kwa karibu 97 katika kila 100. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015.

Fundisho letu ni hili: jicho moja hudanganyika, bali macho mengi yaliyotulia huona sawasawa. Basi picha ikipigwa, isibaki kwa kijana mwenye simu. Jioni ipitishwe kwa baba, kwa mama, kwa bibi na kwa watoto. Kila mmoja aseme anaona nini, na kwa nini. Mkikubaliana, andikeni. Msipokubaliana, andikeni "bado", mngojee arudi. Mwulizeni pia mwalimu wa sayansi au ofisa wa wanyamapori. Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100. Si aibu kutojua jina la mmoja.

HAWA MSIWAKARIBIE

Sasa nasema kwa ukali kidogo, hasa kwa vijana wapendao sifa. Wako wageni ambao hawapigwi picha kwa karibu. Picha nzuri hailingani na maisha ya mtu.

Kiboko ni wa kwanza. Hutoka ziwani usiku kuja kula majani, na bustani ya kando ya maji kwake ni meza iliyoandikwa. Usimfuate kwa taa, wala usisimame kati yake na ziwa, kwa maana akishtuka hukimbilia maji, nawe uko njiani. Picha yako ni ya asubuhi, akiisha kurudi majini: nyayo zake zenye vidole vinne na mimea aliyoikanyaga. Wenzetu wa Bunda walio karibu na Hifadhi ya Serengeti wana mgeni mkubwa zaidi, tembo, naye ni vivyo hivyo. Msimzunguke kwa simu. Ondokeni, mwite viongozi.

Picha hizo za asubuhi si za kuchezea. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa Serikali kutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, na kifuta machozi kwa jamaa za aliyejeruhiwa au kuuawa. Lakini lazima hasara itolewe taarifa upesi na kukaguliwa. Kwa hiyo piga picha ya nyayo, ya shamba lote, na ya mazao yaliyolala, kabla mvua haijafuta. Andika tarehe na saa, na siku hiyo hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji. Fedha hizo hazilingani na jasho la mkulima, tena huchukua muda. Hata hivyo, mwenye ushahidi husikilizwa mbele ya mwenye maneno matupu.

Mamba naye yuko. Watoto wasijifiche majanini kando ya maji kungoja ndege. Na nyoka ye yote, kama humjui, mhesabu kuwa ana sumu. Swila hutema sumu machoni kutoka hatua kadhaa. Ikimpata mtu, oshwe macho kwa maji mengi safi, apelekwe hospitali upesi. Kifutu hulala tuli kama gogo, hakimbii; mtu arudiye nyuma akitazama simu aweza kumkanyaga.

Mwisho, popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono. Na mnyama wa porini ambaye ghafula amekuwa mpole, anakuja karibu bila woga, si rafiki; huenda ana kichaa. Akimng'ata mtu, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

TUANZE JUMA HILI

Basi, baba na mama, nawapeni kazi ya juma moja. Mwiteni yule mtoto mwenye manati. Msimgombeze. Mpeni daftari, na kama ipo, simu kwa nusu saa tu asubuhi na nusu saa jioni. Mwambieni achague mgeni mmoja, mmoja tu, amtazame siku saba: anakuja saa ngapi, anakula nini, anaogopa nani. Jumapili baada ya chakula asimame mbele ya jamaa asome alichoandika.

Mtashangaa. Mtoto aliyemjua ndege hupungukiwa na hamu ya kumpiga. Tena mtoto anayeweza kuandika alichokiona kwa macho yake, pasipo kuongeza wala kupunguza, amejifunza jambo ambalo litamfaa shuleni, shambani, na siku atakapoitwa kutoa ushahidi juu ya jirani yake.

Na bundi akilia juu ya ghala lenu usiku wa leo, msitoke na mawe. Subirini kuche, mwende chini ya dari, mkahesabu mafuvu ya panya.